Msitu, Jangala na Haki: Historia ya Uhifadhi wa Misitu ya Pepo za Msimu katika Bara Hindi

Neno msimu limetoka katika Kiarabu, mawsim, na maana yake ya asili ni wakati uliowekwa kwa jambo fulani. Wareno walilichukua neno hilo hilo wakasema monção, na kwa njia ya lugha yao likafika Ulaya nzima kuwa jina la pepo zenyewe. Katika pwani ya Afrika Mashariki neno lilibaki na maana ya majira, nazo pepo zikawa na majina yake, kaskazi na kusi. Kusi hiyo iliyokuwa ikipeleka majahazi kaskazini huvuka ikweta, hupinda mbele ya pwani ya Wasomali, na hufika Bara Hindi imejaa mvuke wa bahari. Huigusa nchi ya Kerala yapata tarehe 1 Juni, na kufikia katikati ya Julai huwa imekwisha kuenea nchi nzima. Kadiri ya robo tatu ya mvua yote ya mwaka hunyesha tangu Juni hadi Septemba. Isipokuwa pwani ya kusini-mashariki, ambayo hupata mvua yake baadaye, sehemu kubwa ya Bara Hindi hukaa miezi saba au minane karibu bila mvua.

Jambo hili la kiangazi ndilo lenye uzito katika habari ya misitu. Mtu asiyezijua nchi hizo hufikiri mara moja juu ya gharika na mafuriko, asikumbuke kwamba baada ya gharika mti hauna budi kuishi miezi mingi kwa maji yaliyobaki ardhini. Mahali panapopata mvua nyingi na kiangazi kifupi, kama miteremko ya magharibi ya milima ya Ghats na baadhi ya nchi za kaskazini-mashariki, msitu ni wa kijani mwaka mzima, mrefu, wenye giza chini yake. Ukishavuka kilele cha Ghats na kuteremka upande wa mashariki, katika kivuli cha mvua, hali hugeuka ghafula. Huko miti hupukutisha majani yake yote kiangazi, ikasimama mitupu chini ya jua. Zinapofika mvua za milimita 1,000 hadi 2,000 kwa mwaka hustawi msaji, na katika nchi za kaskazini na mashariki mti uitwao sal. Chini ya hapo msitu hupungua kimo na kuachana, na katika sehemu zipatazo chini ya milimita 700 hubaki migunga na vichaka vya miiba, hata kufikia jangwa la Rajasthan. Kando ya hayo kuna misitu ya mikoko ya Sundarbans kwenye midomo ya Ganges, na ile ya milima ya Himalaya, yenye mialoni, misonobari na mierezi. Katika milima ya kusini kuna vijisitu vya mabondeni viitwavyo shola, vilivyozungukwa na majani matupu. Lakini sehemu kubwa kuliko zote ni ya misitu inayopukutisha majani. Msitu wa pepo za msimu, kwa hakika, ni msitu wa kiangazi.

Wenyeji wa kale walilijua jambo hili vizuri. Katika vitabu vya uganga vya Kisanskriti nchi hugawanywa kwa namna zake: ipo anupa, nchi ya majimaji, na ipo jangala, nchi kavu yenye miti michache na swala wengi, ambayo huhesabiwa kuwa yenye afya. Sheria za Manu humshauri mfalme afanye makao yake katika nchi ya jangala. Mswahili angeitafsiri kwa neno nyika kuliko neno msitu. Basi ni ajabu kuona neno hili lilivyosafiri. Katika tafsiri ya Kiingereza ya sheria za Kihindu iliyopigwa chapa mwaka 1776, lilikuwa na maana ya ardhi iliyoachwa bila kulimwa kwa miaka mitano. Karne moja baadaye, katika vinywa vya Wazungu, lilikuwa limekwisha kuwa msitu mzito wa maji na giza, uliojaa homa na wanyama wakali. Yaani kinyume kabisa cha mwanzo wake. Haielekei kwamba walikosea maana kwa sababu ya ujinga wa lugha tu. Nchi isiyolimwa, isiyolipiwa kodi na isiyopimwa ilionekana machoni pa watoza kodi kuwa kitu kimoja, iwe kavu iwe chepechepe, na jina moja lilitosha.

Neno la Kiingereza lenyewe la msitu lina habari kama hiyo. Hapo kwanza, katika Kilatini cha zama za kati, foresta haikuwa lazima iwe na miti. Ilikuwa ni ardhi iliyotengwa nje ya sheria ya kawaida kwa ajili ya uwindaji wa mfalme. Waingereza walipoanza kutunga sheria za misitu katika Bara Hindi, maana hii ya zamani ilizinduka tena.

Chanzo kilikuwa msaji. Mti huu ndio uliojenga vyombo vya Bahari ya Hindi kwa karne nyingi, na Kiswahili kina majina yake mawili yaliyokuja kwa njia mbili mbalimbali: msaji, kutoka saj ya Kiarabu, ambalo Waarabu walilipata Bara Hindi, na mtiki, kutoka Kiingereza, waliopewa na Wareno, waliolisikia kwa Wamalayalam wa Malabar wenyewe. Mbao zake zina mafuta, hazioshwi na maji ya chumvi wala hazililiwi upesi na mchwa. Mafundi wa Kiparsi wa ukoo wa Wadia, katika gudi la Bombay, waliunda kwa mbao hizo manowari za Kiingereza. Moja yao, Trincomalee, iliyoshushwa majini mwaka 1817, ingali inaelea Uingereza. Mialoni ya Uingereza ilikuwa imepungua, na vita na Ufaransa havikungoja miti ikue. Kwa hiyo mwaka 1806 Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya Bara Hindi ilimweka afisa mmoja wa polisi, Kapteni Watson, kuwa Mhifadhi wa Misitu wa Malabar, wa kwanza kupewa cheo hicho. Aliufanya msaji wote kuwa mali ya Kampuni peke yake. Wenye misitu, wafanya biashara na wakulima walilalamika hata Thomas Munro, Gavana wa Madras, akakivunja cheo hicho mwaka 1823. Miti iliyoachwa huru ilikatwa kwa pupa, na hilo halina haja ya kufichwa. Watetezi wa serikali walilitaja mara kwa mara miaka mingi baadaye.

Katika miaka ya 1840 H. V. Conolly, mkuu wa wilaya ya Malabar, alianza kupanda msaji huko Nilambur. Kazi ya shamba aliifanya Chathu Menon, mtu wa nchi hiyo. Mbegu zilikataa kuota mwanzoni, kwa maana kokwa ya msaji ni ngumu mno, na zilijaribiwa namna nyingi kabla ya kupatikana njia. Sehemu ya shamba lile la kwanza bado imesimama kando ya mto Chaliyar. Kutoka Bara Hindi msaji ulienea mbali: Wajerumani walileta mbegu zake Tanganyika mwaka 1898 kutoka Calcutta, wakazipanda Dar es Salaam na Mhoro katika Rufiji, na mashamba ya serikali ya Longuza na Mtibwa ni wazao wa kazi hiyo.

Reli ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Treni ya kwanza ya abiria iliondoka Bombay kwenda Thane mwaka 1853. Mwaka 1860 njia za reli hazikuzidi kilometa 1,400. Mwaka 1910 zilipita kilometa 51,000. Kila maili moja ilihitaji mataruma 1,700 au zaidi, na si miti mingi iwezayo kustahimili mvua za msimu na mchwa. Ila msaji, sal na mwerezi wa Himalaya, mingine ilioza katika miaka michache. Gavana Mkuu Dalhousie alitoa mwaka 1855 waraka wa kuweka msingi wa siasa ya misitu. Mwaka uliofuata Dietrich Brandis, mtaalamu wa mimea kutoka Bonn, aliwekwa kuangalia misaji ya Pegu katika Burma, na mwaka 1864 akawa Mkaguzi Mkuu wa kwanza wa Misitu ya Bara Hindi nzima. Hakuna budi kukiri kwamba pasipo idara hiyo, misitu mingi iliyosalia ingekwisha chini ya magurudumu ya reli. Swali lililobaki lilikuwa hili: inahifadhiwa kwa ajili ya nani?

Sheria ya kwanza ya mwaka 1865 ilikuwa fupi na dhaifu. Katika kutayarisha ya pili, maofisa wenyewe walifarakana. B. H. Baden-Powell alishikilia kwamba ardhi yote isiyolimwa ilikuwa ya mtawala tangu enzi za wafalme wa kale, na kwamba wanavijiji waliokata kuni na kulisha ng'ombe humo walifanya hivyo kwa hisani ya mtawala, wala si kwa haki. Serikali ya Madras ilipinga kwa nguvu. Maofisa wake walisema kwamba katika jimbo lao hapakuwa na msitu hata mmoja uliokuwa nje ya mipaka ya kijiji fulani. Brandis alisimama katikati. Alitaka serikali ichukue misitu iliyo muhimu tu, na mingine iwe ya vijiji, ikitunzwa na wanakijiji kwa faida yao. Wenyeji walikuwa na neno lao la kulitaja jambo hili, haq, na katika vilima vya Kumaon na Garhwal hata leo haki za msituni huitwa hak-hakuk. Ni neno lile lile la Kiarabu ambalo Kiswahili hulitamka haki. Hivyo mgongano mzima ungeweza kusimuliwa kwa maneno mawili ambayo Mswahili hahitaji mkalimani ayaelewe, haki na hisani, na katika sheria ya 1878 neno la pili lilishinda.

Sheria hiyo iligawanya misitu mafungu matatu. Katika misitu ya akiba haki za watu zilisikilizwa mara moja na afisa maalumu, kwa tangazo la miezi isiyopungua mitatu, na haki ambayo mwenyewe hakujitokeza kuidai ilikufa. Mtu asiyejua kusoma, aliyekaa mwendo wa siku tatu kutoka ofisini, alipoteza malisho ya babu yake pasipo kujua kwamba palikuwa na kesi. Katika misitu iliyolindwa haki ziliandikwa lakini serikali iliweza kuzizuia. Fungu la tatu, misitu ya vijiji, ambalo Brandis alilitumainia sana, lilibaki karibu karatasini tu. Madras ilipata sheria yake mbali mwaka 1882. Ile ya mwaka 1927 iliyorithi ya 1878 ingali inatumika, ingawa imerekebishwa.

Mahali palipodhihirisha zaidi kwamba sheria na tabianchi havikuelewana ni katika habari ya moto. Msitu mkavu wa pepo za msimu huwaka. Machi na Aprili ardhi imefunikwa majani makavu ya msaji, mapana kama sinia, na cheche moja hutosha. Wenyeji walichoma kwa makusudi: kupata majani mabichi ya malisho, kusafisha njia, kuokota maua ya mhua yaangukayo chini, na kulima mashamba ya kuhamahama, yaitwayo jhum kaskazini-mashariki, kumri katika Kanara, bewar kwa Wabaiga wa katikati ya nchi. Wabaiga walikataa jembe la plau kwa sababu walisema linachana matiti ya ardhi, mama yao. Mwishowe serikali iliwabakizia eneo moja dogo tu la kuendeleza bewar, mwaka 1890. Maofisa waliofunzwa katika Ulaya, ambako mvua hugawanyika mwaka mzima na moto msituni ni maafa, hawakuona katika desturi hizi ila uharibifu. Miaka ya 1860 Pearson alifaulu kuuzuia moto katika msitu wa Bori kwa kufyeka njia za kukinga, na baada yake kazi kubwa ya idara, pamoja na fedha zake nyingi, ilikuwa kupigana na moto. Aliyechoma alikuwa mhalifu.

Matokeo yalichelewa kuonekana. Katika misitu yenye unyevu ya Burma, baada ya miaka ya kuuzuia moto, miche ya msaji ilikosekana. Mahali pake palikuwa pamejaa mianzi na miti ya kijani isiyo na thamani sokoni. Msaji una ganda nene linalovumilia moto. Kokwa yake ngumu husaidiwa na joto. Mche wake hutaka jua. Kivuli ndicho adui yake, na moto ndio uliokuwa ukikifukuza. Mwaka 1896 Slade, Bwana Misitu wa huko, aliandika katika Indian Forester kwamba ulinzi wa moto ulikuwa umezidi. Alipingwa vikali, hata hivyo mwanzoni mwa karne ya 20 idara iliacha kuulinda msaji wa Burma dhidi ya moto katika sehemu nyingi. Misitu ya sal ya kaskazini mwa Bengal na ya Assam ilionyesha jambo hilo hilo, na humo maofisa walianza kuchoma wenyewe kwa utaratibu. Waliochoma zamani hawakurudishiwa ruhusa yao.

Kilimo cha kuhamahama nacho kilipata bahati ya namna yake. Katika Burma Brandis aliwaruhusu Wakaren wafyeke na kulima kama desturi yao, kwa sharti wapande misaji katikati ya mpunga wao. Walipohama, waliacha shamba la miti. Njia hiyo ikaitwa taungya, kwa Kiburma shamba la mlimani. Ilipofika Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, wakulima wakilima viazi na mahindi katikati ya miche ya serikali, Waingereza waliiita kwa neno la Kiswahili, shamba, na likaingia hivyo katika vitabu vya taaluma ya misitu. Ni nadra neno la Kiswahili kupata cheo hicho, na huenda wakulima wenyewe wangependelea kupata ardhi.

Moto ulirudi kwa namna nyingine katika Kumaon. Kati ya 1911 na 1917 serikali ilizifanya kuwa misitu ya akiba nchi pana za milimani, ikapendelea msonobari wa chir kwa ajili ya ulimbo na mataruma. Wanawake wa milimani walihitaji mwaloni uitwao banj, ambao majani yake ni malisho ya ng'ombe na mbolea ya shamba, na ambao chemchemi hudumu chini yake. Msonobari haukuwafaa kitu. Mwaka 1921, baada ya watu kugoma kuwabebea maofisa mizigo bila ujira, misitu iliwaka katika kiangazi kimoja maelfu kwa maelfu ya ekari. Iliyowaka ilikuwa hasa ya misonobari. Misitu ya majani mapana iliguswa kidogo sana, jambo linaloonyesha kwamba waliowasha hawakuwa wamerukwa na akili. Tume ya malalamiko iliundwa mwaka huo huo, sehemu ya misitu ikatolewa katika mikono ya idara, na kanuni za 1931 ziliruhusu mabaraza ya misitu ya vijiji, van panchayat, ambayo yapo hata leo.

Wakati huo wataalamu wa Dehra Dun walikuwa wakijaribu kuielewa misitu kama ilivyo. Mwaka 1936 H. G. Champion alitoa uchambuzi wake wa namna za misitu ya Bara Hindi na Burma, na mwaka 1968, pamoja na S. K. Seth, aliusahihisha, wakayapanga makundi makuu 16 kwa kufuata tabianchi. Ni kazi kubwa ambayo haijapata mrithi kamili. Humo msitu mkavu una jina na mahali pake, na moto na malisho hutajwa miongoni mwa mambo yaliyouumba.

Uhuru wa mwaka 1947 haukubadilisha sheria. Siasa ya misitu ya 1952 ilitaka theluthi moja ya nchi iwe msitu, ikasisitiza kwamba haja za vijiji zisishinde maslahi ya taifa. Katika Garhwal, wilaya ya Chamoli, wanakijiji wa Mandal walizuia wakataji mwaka 1973, na mwaka uliofuata wanawake wa Reni, wakiongozwa na Gaura Devi, walisimama kati ya mashoka na miti. Hayo ndiyo mashuhuri kwa jina la Chipko, kukumbatia. Waliyokuwa wakidai hapo mwanzo ilikuwa haki ya kuitumia misitu yao; magazeti ya nje yaliwafanya watetezi wa miti tu, na amri iliyofuata ya kuzuia ukataji milimani iliwafungia hata wao. Sheria ya mwaka 1980 iliipa serikali kuu uamuzi wa mwisho juu ya kubadilisha matumizi ya ardhi ya msitu. Waraka wa 1990 uliwaalika wanavijiji washirikiane na idara kutunza misitu iliyoharibika, kwa kugawana mazao. Neno haki lenyewe lilirudi katika sheria mwaka 2006, kwa wale wa makabila ya msituni na wengineo waliokaa humo vizazi vitatu, na utangulizi wa sheria hiyo unakiri kwamba walitendewa dhuluma ya kihistoria.

Lakini sheria ya 1980 haikuwa imesema msitu ni nini. Mwaka 1995 T. N. Godavarman Thirumulpad, wa ukoo wa watawala wa zamani wa Nilambur, alikwenda mahakamani juu ya ukataji katika misitu ya Gudalur iliyokuwa ya jamaa yake. Tarehe 12 Desemba 1996 Mahakama ya Juu iliamua kwamba neno msitu lichukuliwe kwa maana yake ya kamusi, pasipo kujali ardhi ni ya nani wala imeandikwaje. Kwa hukumu hiyo vijisitu vya miungu, misitu ya watu binafsi na mapori yasiyosajiliwa yaliingia katika ulinzi. Idara ya upimaji ina maana yake nyingine: hekta moja yenye kivuli cha miti kinachozidi asilimia 10, iwe miti gani iwayo, hata ya minazi. Kwa hesabu hiyo ripoti ya 2023 inasema asilimia 21.76 ya nchi ni msitu, na mistari ya misaji iliyopandwa kwa kamba huhesabiwa sawa na shola. Nyika kavu za miti michache, zile za jangala ya Manu, mara nyingi huanguka nje ya hesabu, na katika daftari za ardhi nyingi zimeandikwa kuwa ardhi isiyofaa.

Mwaka 2023 Bunge liliibadilisha sheria ya 1980 ili ihusu ardhi iliyoandikwa au kutangazwa rasmi kuwa msitu, na si nyingine. Wapinzani walikwenda mahakamani, na tarehe 19 Februari 2024 Mahakama ya Juu iliamuru majimbo yaendelee kwa muda kufuata maana ya kamusi, na yapeleke orodha za misitu yao yote kwa serikali kuu. Orodha hizo zilikuwa zimetakiwa kwa mara ya kwanza katika hukumu ya 1996.